Mashine Inayouliza: Unaogopa Nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wagonjwa na jamaa zao, Kamanyola

Leo sitasema juu ya maji ya kunywa wala juu ya chandarua. Hayo mumekwisha kuyasikia mara nyingi, na najua wengine wanaanza kusinzia nikitaja tu neno "chandarua". Leo nataka kusema juu ya woga. Na tena juu ya mashine, maana siku hizi muganga anaweza kukupa telefone kubwa yenye kioo, au kukuketisha mbele ya kompyuta, ile ambayo wengi kwetu wanaiita ordinatere, na mashine ndiyo itakuuliza: Unaogopa nini? Unaogopa kadiri gani?

Wengine wanacheka. Wengine wanakasirika: "Nimekuja na ugonjwa, munanipa kitu cha kuchezea!" Na wako wanaoogopa mashine yenyewe, wakifikiri inasoma mawazo ya mutu. Haisomi mawazo. Inaandika tu pale kidole chako kilipogusa, basi. Lakini kuna sababu ya kuitumia, na kuna pale inapokosa, na ni vizuri uyajue yote mawili kabla ya kuishika.

Tuanze na woga wenyewe. Woga si ugonjwa. Mutu asiyeogopa mamba na kiboko wa Ruzizi hatazeeka. Mutu anayepanda gari kwenda Bukavu kwa njia ya Ngomo, akatazama chini kwenye bonde na tumbo lake likakaza, huyo ni muzima kabisa. Hata dereva, ukimuuliza vizuri, atakuambia anaogopa. Ndiyo maana wasafiri wengi wanapita ngambo, kwa Bugarama, wakifuata barabara ya Rwanda mpaka Bukavu. Huo ni woga wenye akili.

Lakini kuna woga mwingine, ambao waganga wanauita fobi. Ni woga mukubwa kuliko hatari yenyewe. Hauishi kwa siku mbili tatu, unakaa miezi na miaka. Mutu anajua moyoni kwamba anaogopa kupita kipimo, lakini mwili wake haumusikii: moyo unapiga, jasho linatoka, miguu inalegea. Na jambo baya zaidi, anaanza kukimbia. Anazunguka njia ndefu asikutane na mbwa. Anaacha kazi nzuri kwa sababu ya ngazi. Maisha yake yanakuwa madogo, kama nguo iliyofuliwa ikarudi nyuma.

Sasa nitawapa habari ya mama mumoja wa bonde letu. Jina lake sitalitaja. Alikuwa na mimba ya ine. Katika mimba tatu za mbele alikuja kupimwa mara moja moja tu, kisha anapotea. Ukimuuliza, anasema hakukuwa na pesa ya moto. Siku ingine, mutoto alikuwa mugonjwa. Siku ingine, mvua. Sisi tulimugombeza. Nasema kweli, tulimugombeza mbele ya wenzake, na mimi nilikuwa mumoja wao. Mimba ya tatu alizalia nyumbani, damu ikatoka nyingi, wakamuleta juu ya kitanda cha miti akiwa karibu kukata roho. Tukafikiri: sasa amejifunza. Mimba ya ine ikaja, akapotea tena.

Wakati ule tulikuwa tunajaribu maulizo juu ya woga, yaliyowekwa katika telefone yenye kusema kwa sauti. Mutu anaweka vidude vya kusikilizia masikioni, anakaa peke yake, anasikia swali, anagusa picha. Picha ni mawe: hakuna jiwe, maana yake siogopi, sikimbii, mawe 8, maana yake nakimbia siku zote, siwezi hata kidogo. Mama yule alikuja kumusindikiza mukwe wake. Tukamuomba ajaribu. Kwa maswali mengi aligusa 0 au 1. Kwa sindano, 8. Kwa kuona damu, 8. Kwa nyumba ya wagonjwa, 7.

Nilimujua mama huyo kwa miaka sita, na sikujua neno hilo. Nikamuita pembeni: "Mama, mbona hukutuambia?" Akatazama chini. "Muganga, ningesemaje? Mimi mama muzima, niliyezaa mara tatu, nimuambie mutu kwamba naogopa kasindano?" Uchungu wa kuzaa haukumushinda. Kasindano ndiyo kalikuwa karibu kumuua.

Habari hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1977 waganga wa Glasgow, katika Scotland, walitoa habari ya wagonjwa wa pombe waliohojiwa na waganga na vilevile na kompyuta. Kwa kompyuta wagonjwa waliungama pombe nyingi kuliko walivyomuambia muganga. Mashine haikunji uso. Haimujui mama mukwe wako. Haitakutana nawe sokoni kesho.

Katika London, mwaka 1983, waganga wawili, Carr na Ghosh, walitoa habari ya watu wenye fobi walioketishwa mbele ya kompyuta. Kompyuta za siku zile zilikuwa masanduku mazito yenye kioo kidogo. Swali linatokea, mugonjwa anabonyeza, lingine linatokea. Wagonjwa hawakuchukia kazi hiyo, na waganga wakaona kwamba mashine inaweza kukusanya habari za kweli. Kazi hiyo ilikuwa karibu na kazi ya muganga Isaac Marks, ambaye pamoja na Mathews, mwaka 1979, alikuwa ametengeneza ukurasa mumoja wa maulizo juu ya woga. Ni ukurasa huo, au ndugu zake, ambao leo unaweza kuukuta ndani ya telefone.

Nieleze vile umejengwa, maana ukielewa ujenzi wake utaona vizuri pale unapovunjika ukifika Kamanyola. Kwanza mugonjwa anaandika kwa maneno yake woga wake mukubwa. Kisha kuna mambo 15, na kwa kila jambo unasema unalikimbia kadiri gani, toka 0 mpaka 8. Mambo 5 ni ya kutoka nje na kusafiri: kupanda basi peke yako, kupita kati ya watu wengi, kuwa mbali na nyumbani, na yanayofanana na hayo. Mambo 5 ni ya damu, sindano, magonjwa na vidonda. Mambo 5 ni ya kuwa mbele ya watu: kula na wengine, kutazamwa, kusema na wakubwa. Kila kundi linaweza kufika 40, na yote pamoja 120. Kompyuta inajumlisha haraka, haikosi hesabu, na inakumbuka ulichosema mwezi uliopita. Kwa hesabu, mashine inatushinda. Mimi mwenyewe nikichoka jioni najumlisha vibaya.

Lakini munaona sasa. Mashine inauliza: unakimbia kwenda peke yako mbali na nyumbani? Tarehe 15 mwezi wa tisa 2017 risasi zilipigwa hapa Kamanyola, na wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa. Mwezi wa pili 2025 vita ilifika Bukavu, na kisha kwetu. Mama anayekataa kupita barabarani peke yake jioni anagusa mawe 8, na kioo kinaandika: woga mukubwa wa kutoka nje. Kama tungefuata hesabu hiyo tu, Kamanyola yote tungeipeleka Bukavu kwa SOSAME, kule wanakotunza wagonjwa wa akili. Mama huyo hana fobi. Ana macho.

Kwa hiyo baada ya hesabu ni lazima mutu aulize: Kwa nini? Na swali la pili ambalo ni zuri zaidi: Je, majirani zako wanaenda? Kama majirani wote wanaenda sokoni asubuhi, wanauza muhogo na muchele wao, wanarudi, na wewe peke yako mwaka muzima huwezi, na kila ukifika kwa mango ya mwisho moyo unataka kupasuka na unarudi mbio, basi hapo tunaweza kusema fobi. Kama hakuna anayeenda, tusiiite fobi.

Tena kuna neno lenyewe, "kuogopa". Munajua katika lugha yetu tunasema mutoto muzuri anaogopa wakubwa. Tunasema bibi arusi anaogopa baba mukwe. Si kwamba anatetemeka, anamuheshimu. Sasa mashine inauliza: unaogopa kusema na wakubwa? Kijana aliyelelewa vizuri anagusa 8 kwa furaha, akitazama kama baba yake anamuona. Na swali la kula pamoja na wengine: muke ambaye kwa desturi hawezi kula mbele ya mukwe wake anagusa 8 vilevile. Nilikuwa na karatasi ya kijana mumoja, kundi la watu 37 juu ya 40. Nikamuita nikiwa na huruma tayari. Kumbe ni yule anayeongoza nyimbo na kusema mbele ya watu mia bila kutetemeka! Hakuwa na ugonjwa wowote ila adabu. Toka siku ile tuliacha kuuliza "unaogopa" kwa maswali hayo, tukauliza "unakimbia, hata kama ungetaka kwenda?" Maneno mengi zaidi, lakini yanakata vizuri.

Kazi ya kutengeneza maulizo kwa lugha za watu si ndogo. Hapa kwetu Kivu ilifanyika juu ya wamama walioteswa kwa nguvu wakati wa vita: habari yake ilitolewa mwaka 2013, na ilifanywa katika Kibembe, Kifuliiru, Kihavu, Mashi na Kiswahili. Wale waliosaidiwa katika vikundi kwa masomo yaliyopangwa walipona zaidi kuliko wale waliosaidiwa mumoja mumoja kwa kutiwa moyo tu. Huo ulikuwa ugonjwa mwingine, si fobi, lakini maulizo yalisomwa na watu kwa lugha za watu. Ukipewa telefone inayokuuliza kwa Kiswahili cha mbali usichokielewa, sema. Usiguse tu ili imalizike. Ukigusa ovyo, mashine itajumlisha ovyo yako kwa uangalifu mukubwa.

Hapo hapo niseme: kama unaruka ukisikia mulio, kama usiku unaona tena mambo uliyoyaona, kama harufu fulani inakurudisha siku ile, hiyo si fobi ya kawaida. Usijaribu peke yako haya nitakayosema sasa juu ya ngazi. Njoo tuongee kwanza.

Sasa dawa. Wengi wanauliza: kuna kidonge? Kwa fobi, dawa kubwa ni kukaribia kile unachokimbia, kidogo kidogo, na kukaa pale mpaka woga ushuke. Mwili uko kama mbwa wa jirani: ukikimbia, atakufuata kila siku. Ukikaa, woga unapanda, unapanda, unafika juu, kisha unaanza kushuka wenyewe. Mara nyingi inachukua nusu saa, wakati mwingine saa nzima au zaidi. Ukitoka mbio kabla haujashuka, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikuokoa, na kesho utakimbia mapema zaidi.

Ghosh na Marks, mwaka 1987, waliwagawanya wagonjwa wenye woga wa kutoka nje katika makundi matatu: kundi moja lilifundishwa na muganga wa akili, la pili lilipewa kitabu, la tatu lilifundishwa na kompyuta. Wote walipata nafuu, na muganga hakushinda kitabu wala mashine. Jambo hili lilituaibisha kidogo sisi waganga. Lakini angalia: kabla ya kugawanywa, wote walikuwa wameonwa na muganga aliyehakikisha ni fobi kweli. Na kilichowaponya ni miguu yao wenyewe, kutoka nje kila siku, hata kama aliyewatuma ni kitabu au kioo. Baadaye kundi la Marks lilitengeneza programu ya kompyuta iliyoitwa FearFighter kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini woga wa damu na sindano una jambo lake la pekee, na ni lazima ulijue, maana hapa kwetu malaria haitupi nafasi. Kwa fobi zingine moyo unapiga mbio na mutu haanguki, hata akifikiri ataanguka. Kwa damu na sindano, moyo unapiga mbio kidogo, kisha unapunguka ghafula, damu inashuka, mutu anazimia kweli. Mara nyingi ni jambo la ukoo: uliza, utasikia baba alianguka vilevile. Kwa hiyo kumuambia mutu huyo "legeza mwili" ni kumuangusha upesi. Yeye anapaswa kukaza.

Muganga Öst wa Sweden ndiye alifundisha namna hii katika miaka ya 1980. Fanya hivi. Keti. Kunja ngumi, kaza mikono na miguu kwa nguvu, sekunde 10 mpaka 15, mpaka unasikia joto linapanda usoni. Acha, lakini usilegee kabisa, pumzika sekunde 20 au 30. Rudia mara 5. Jizoeze nyumbani kila siku kwa juma moja kabla hujaja. Siku ya sindano, ule mukono utakaochomwa uache umelegea, ukaze mwingine na miguu. Mama mwenye mimba asikaze tumbo; mikono na miguu inatosha, na alale kwa ubavu wa kushoto. Na muambie muganga mbele: "Mimi nazimia." Akicheka, tafuta mwingine.

Ngazi ya sindano tunaipanga pamoja na wewe. Kwanza picha. Kisha kushika bomba lisilo na sindano, kulichukua nyumbani, kuliweka juu ya meza. Kisha kukaa chumbani wakati mwingine anachomwa, kama amekubali. Kisha kuchomwa kidole kwa kipimo cha malaria. Mwisho sindano yenyewe. Usipande ngazi ya pili kama ya kwanza bado inakutetemesha. Na ninyi jamaa, musimuvute mutu kwa nguvu toka chini mpaka juu kwa siku moja, wala musimufunge mikono. Mutoto aliyefungwa mikono akachomwa ndiye mama yule wa mimba ya ine, miaka 20 baadaye. Lakini mutu mwenye malaria kali hangoji ngazi. Huyo achomwe leo, akiwa amelala, na ngazi tutapanda akipona.

Bado neno moja juu ya telefone. Majibu yako ni siri yako kama vile fishi yako. Usijibu huku mutoto wa jirani anatazama juu ya bega lako. Kama hujui kusoma, omba ile yenye sauti. Tukikusomea sisi kwa sauti ya mudomo, mbele ya benchi lote, faida imekwisha, heri kutouliza. Na ukimaliza, usiondoke. Kaa, mutu atakuja kukuuliza kwa nini. Kama hakuna anayekuja, gonga mulango wetu.

Mama yule alikaza ngumi zake nyumbani siku 9. Alichukua bomba tupu, akaliweka karibu na chungu cha unga, watoto wakalichezea, akalizoea. Siku aliyokuja kugusa mawe tena, kwa sindano aligusa 5. Si 0. Nikamuuliza kama anataka tungoje juma lingine. Akalala kwa ubavu, akafunga macho, akakunja ngumi ya kushoto mpaka mishipa ikaonekana, akanipa mukono wa kuume.

"Muganga," akasema, "usiongee. Choma."